Ukiwa wa Ugenini: Unapokuwa Huzuni ya Kawaida na Unapogeuka Sonona

Mtu anayeishi mbali na kwao anaweza kufika kliniki akilalamikia kichwa, tumbo au kukosa usingizi. Vipimo visipoonyesha ugonjwa, huondoka na dawa za maumivu tu. Aghalabu haulizwi ni nani aliowaacha nyumbani, wala alizungumza nao lini mara ya mwisho.

Ukiwa wa ugenini ni majonzi yanayompata mtu anapotengana na jamaa, marafiki wa zamani na mazoea yake. Matabibu waliutambua zamani. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Uswisi, aliandika tasnifu kuhusu watu waliodhoofika kwa kutamani makwao. Katika karne hii, Joseba Achotegui, daktari wa magonjwa ya akili wa Barcelona, ameeleza kuwa maumivu ya kichwa, uchovu na huzuni ya wahamiaji wengi ni mwitikio wa mwili kwa msongo mkubwa wa muda mrefu, wala si ugonjwa wa akili.

Rafiki wa zamani humjua mtu bila kuelezwa. Fundi aliyeheshimika mtaani kwao Mombasa, akifika Muscat hujulikana kwa kazi anayofanya tu. Tena, kwa anayetuma fedha nyumbani, kukiri huzuni huonekana kama kukiri kushindwa. Kila akipigiwa simu hujibu, "Hapa salama," na mzigo hubaki kwake peke yake.

Ukiwa wa kawaida huja na kupita. Mhusika bado hucheka azungumzapo na nduguze, na hufurahia mlo wa sikukuu pamoja na wenzake. Katika sonona, huzuni au kutofurahia chochote hudumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Huambatana na dalili kama vile kubadilika kwa usingizi na hamu ya kula, kuishiwa nguvu na kujiona hana thamani. Hali hii ina tiba, kwa mazungumzo ya kitaalamu, dawa au vyote viwili. Mawazo ya kujiua ni dharura. Mhudumu ayaulize waziwazi, kwani kuuliza hakumpandikizii mgonjwa wazo hilo.

Kwa ukiwa usiofikia hapo, mambo machache husaidia: kuweka siku maalumu ya kuzungumza na nyumbani, kulala na kuamka kwa saa zilezile, kujiunga na jumuiya ya ibada, michezo au watu wa kwao, na kumchagua walau mtu mmoja wa kuambiwa ukweli. Jamaa waliobaki nao wana wajibu. Kabla ya kutaja ada ya shule au bati za nyumba, wamuulize aliye mbali kama amelala, amekula, na ana nani wa kuzungumza naye huko aliko.