Nipe Chai, Naomba Chai

Asubuhi moja kwa mamalishe wa Kariakoo, Dar es Salaam, dereva wa lori aliyetoka Nairobi aliketi karibu yangu akasema, "Nipe chai na chapati mbili." Mamalishe alisimama, kitambaa mkononi, akamtazama. "Habari za asubuhi, kaka?" Ilikuwa salamu na onyo kwa pamoja. Dereva hakulisikia onyo. "Chai, na chapati mbili," akarudia. Waliokuja nyuma yake wakala wakamaliza kabla yeye hajapata kikombe. Akaondoka akinung'unika kwamba Watanzania wavivu. Mama akabaki akisema Wakenya hawana adabu.

Hakuna aliyekosea sarufi. Na hapo ndipo penye hatari: ukikutana na Mjapani unajihadhari, maana unajua hujui desturi zake. Ukikutana na mwenye lugha yako, tahadhari unaiacha mlangoni.

Tanzania Bara, Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, ya mahakama ya mwanzo, ya posa na ya msiba. Heshima yote imehamia humo: shikamoo, naomba, samahani, pole na kazi. Nairobi, wengi wanakitumia kazini, sokoni na kwenye matatu. Maneno ya kumstahi mkwe yamebaki katika Kikuyu, Kikamba au Kijaluo. "Nipe" ya Nairobi ni ombi la mtu mwenye haraka, halina dharau ndani yake. Tena tusiseme "Wakenya" kwa jumla: mzee wa Lamu angeguswa na "nipe" ile kama alivyoguswa mamalishe. Upande wa pili nao una yake. Mtanzania akimwamkia shikamoo mwanamke wa miaka 40 jijini Nairobi, huenda mama wa watu akajiuliza kwa nini anazeeshwa.

Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunaambiwa lugha hii inatuunganisha. Naamini hivyo kwa moyo wote. Ndiyo maana inaniuma kuona watoto wetu wakikaririshwa ngeli za nomino mwaka baada ya mwaka, bila kuelezwa jirani yao huombaje chai.

Nami nimeishi katika miji yote miwili. Ningeweza kuinama nikamnong'oneza dereva, "Kaka, huku sema naomba." Nilinyamaza, nikaendelea kunywa chai yangu.