Mbwa Koko Apatapo Makao

Mtu avukaye Makupa kutoka kisiwani Mombasa, akashika njia ya Changamwe hata akaingia Chaani, katika nyumba za kupangisha zilizojaa watumishi wa bandari na reli na wale walioletwa na kiwanda cha kusafisha mafuta zama zake, hatakosa kumwona mbwa koko: rangi ya udongo, mbavu zahesabika, alfajiri akipekua jaani na adhuhuri amejilaza chini ya lori. Wengi wetu humdhania hana mwenyewe. Lakini waliofanya kazi ya kuwahesabu mbwa katika Afrika Mashariki wameona mara kwa mara kwamba walio wengi kati ya wanaozurura wanayo nyumba wanayorejea, ila nyumba hiyo haiwafungi, haiwachanji, wala haiwalishi shibe yao. Walio yatima hasa ni wachache, na hao ndio ninaotaka kuwasemea.

Kumwokoa mbwa wa namna hii si kumtia kamba tu na kumpa ugali. Yako malezi ya muda, ambapo nyumba humpokea kwa majuma kadhaa hata apone na azoee watu. Na kuna kumchukua kabisa, ambapo huwa dhima ya mwenye nyumba mpaka kufa kwake. Chama cha KSPCA, ambacho asili yake ni ya mwaka 1910, kimeifanya kazi ya kuwahifadhi wanyama katika nchi yetu kwa zaidi ya karne. Ila kituo chochote, hata kikiwa cha watu wenye huruma tele, kina kasoro isiyotokana na uovu wa mtu: makelele, harufu za mbwa wageni na kuta za sementi humtia mnyama hofu ambayo mwili wake hauwezi kuificha.

Mbwa akitaharuki, tezi zilizo juu ya mafigo yake humimina damuni homoni iitwayo kotisoli, ambayo kwa kitambo kifupi humfaa, kwani humwandaa kukimbia au kupigana, bali ikidumu hudhoofisha kinga ya mwili na kumfanya mzito wa kujifunza. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake walichapisha habari za mbwa 207 wa vituo 5 vya Marekani, waliotolewa kwenda kulala usiku mmoja au miwili majumbani mwa watu: kotisoli iliyopimwa katika mkojo wao ilishuka, wakapumzika kuliko walivyozoea, nao waliporudishwa kituoni kipimo kilirejea pale pale kilipokuwa, wala hakikuzidi. Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwangu, maana wengi huogopa kwamba kumwonjesha mbwa raha ya nyumba, kisha kumrudisha, ni kumdhulumu.

Umri nao una hukumu yake. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kwamba kuna kipindi, tangu juma la 3 hata takriban la 12, ambapo mtoto wa mbwa huwapokea binadamu kwa wepesi. Kikimpita asiguswe na mkono wa mtu, woga humkaa. Basi aliyezaliwa nyuma ya kibanda Chaani asingojewe akue ndipo atafutiwe mlezi. Mkubwa huhitaji subira: pembe moja tulivu ya ua, chakula saa zile zile, na mlezi akae upande asimkazie macho, kwani kukaziwa macho na mgeni ni kitisho kwake.

Kabla ya yote hayo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Joto la pwani yetu haliwapi kupe likizo, na kupe wa kahawia humtia mbwa vijidudu viharibuvyo damu. Anayedhaniwa mvivu yamkini ni mgonjwa.

Lakini lililo kubwa ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake huingia jerahani, vikapanda polepole katika mishipa ya fahamu hata ubongoni, kisha vikafika katika tezi za mate. Na dalili zikishadhihiri, kupona ni muhali, kwa mbwa na kwa mtu. Ugonjwa huweza kujificha majuma au miezi, kwa hiyo watoto wasiachwe kumchezea mbwa aliyeokotwa jana, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 2014 umekusudia kukomesha vifo vya watu kwa maradhi haya ifikapo 2030, kwa kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Kuwaua ovyo hakufai, kwani nafasi ya aliyeuawa hujazwa na mgeni asiyechanjwa, na miongoni mwa waliouawa huwamo waliokwisha kuchanjwa. Kisiwani Pemba ugonjwa uliingia tena mwaka 2016, na kufikia 2018 ulikuwa umekomeshwa kwa chanjo. Mlezi amchanjaye mbwa wake anawaongezea kinga watoto wa mtaa, hata wale wanaomtupia mawe.

Na iko haki ya jirani. Huku Muislamu na Mkristo hushiriki ukuta mmoja, pengine na ua mmoja. Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja yake kwa udongo. Mlezi asimwite jirani katili kwa kuchunga ibada yake, bali amfunge mbwa mbali na bomba la maji na mahali pa kusalia. Wala sheria hiyo haimwondolei mbwa haki ya kuhurumiwa: wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na kisa cha aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa, kimo katika Bukhari na Muslim. Wasemao kwamba kumhurumia mbwa ni jambo la kigeni siafikiani nao hata kidogo.

Miezi miwili mitatu ikipita, mbwa amehasiwa na amenenepa, mlezi apime nafsi yake kwa insafu, kwa kuwa mbwa aweza kuishi miaka 10 na zaidi, ilhali mpangaji wa Chaani huhama kodi ikipanda. Akiona hawezi, amtafutie mwingine pasi na haya, na siku ya kumkabidhi atoe pamoja naye cheti cha chanjo, na aseme chanjo ifuatayo ni lini.