Rangi za teminali si urembo, ni tahadhari

Vijana wanaojifunza kazi za kompyuta huniuliza swali hili mara nyingi: "Mbona teminali yangu imebaki rangi moja? Kijani na jina langu vimekwenda wapi?" Wengine hawaulizi kabisa, wakidhani ni mapambo tu. Mimi nasema rangi hizo zina kazi, na kuzirudisha si jambo gumu.

Kwanza tuelewane. Teminali ni lile dirisha la kuandikia amri badala ya kubofya picha. Maneno yanayotangulia pale unapoandika ndiyo kiashiria. Kwenye Ubuntu huwa hivi:

juma@ofisi:~/picha$

Juma ni mtumiaji, ofisi ni jina la kompyuta, na picha ni folda aliyomo. Alama ya $ ni ya mtumiaji wa kawaida. Ukiona #, ujue umeingia kama root, mkubwa wa mfumo, ambaye karibu hakuna kinachomzuia.

Sasa chukua mtu anayetunza seva. Amefungua madirisha mawili: moja la kompyuta yake, jingine la seva iliyo mbali yenye kazi za watu. Yakifanana, ni rahisi kupeleka amri ya kufuta kusikotakiwa. Na amri ya rm haina pipa la taka la kwenda kuokota: ikifuta, imefuta. Chombo baharini usiku huwasha taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia, ili anayekiona ajue kinaelekea wapi. Rangi za teminali nazo zikuambie uko wapi.

Zikipotea, angalia mambo mawili. La kwanza, huenda hutumii Bash. Akaunti ikifunguliwa kwa useradd peke yake kwenye Debian au Ubuntu, hupewa sh, ambayo huonyesha $ tupu. Andika:

echo $0

Jibu likiwa sh au -sh, andika chsh -s /bin/bash, toa nywila yako, kisha toka na uingie upya.

La pili, faili la .bashrc limefutwa au limeharibika. Nakala safi iko kwenye /etc/skel. Weka akiba ya lile la zamani kama lipo, kisha ulete jipya:

cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani
cp /etc/skel/.bashrc ~/.bashrc
source ~/.bashrc

Ikiwa faili la .profile nalo halipo, linakili vivyo hivyo, kwa sababu ukiingia kutoka mbali hilo ndilo linaloita .bashrc. Rangi zikikataa bado, fungua .bashrc, tafuta mstari wa #force_color_prompt=yes, uondoe # ya mwanzo, uhifadhi, kisha urudie amri ya source.

Baada ya hapo, ipe seva rangi yake. Mimi napendelea nyekundu kwa seva na kijani kwa kompyuta ya nyumbani. Mwishoni mwa .bashrc ya seva ongeza:

PS1='\[\e[31m\]\u@\h:\w\$\[\e[0m\] '

Hapo 31 ni nyekundu; 32 ingekuwa kijani na 34 buluu. Ile 0 hurudisha rangi ya kawaida. \u ni mtumiaji, \h ni kompyuta, \w ni folda. Usiache mabano ya \[ na \], kwani ndiyo yanayoiambia Bash kwamba kilicho ndani hakichukui nafasi kwenye skrini. Ukiyaacha, amri ndefu itajiandika juu ya maneno yaliyotangulia.

Kumbuka kwamba root ana faili lake, /root/.bashrc. Kubadilisha lako hakubadilishi lake, na yeye ndiye anayehitaji nyekundu kuliko wote. Tena, unapojaribu mabadiliko kwenye seva, acha dirisha moja la zamani wazi mpaka uhakikishe jipya linafanya kazi.

Rangi haitazuia amri mbaya, na haichukui nafasi ya nakala za akiba. Kazi yake ni kukufanya usite kidogo kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali. Ikiwa data unayoitunza ni hesabu za duka la mtu au majina ya wanafunzi wa madrasa, kusita huko kuna thamani. Tahadhari kabla ya hatari.