Daraja Lililosukumwa na Mlima

Ndugu msomaji, je, daraja la zege laweza kuvunjika bila mafuriko na bila kuzidiwa na mzigo? Ndiyo, laweza. Soma habari hii ya Venezuela, nchi iliyoko Amerika ya Kusini.

Mji mkuu wa Venezuela ni Caracas. Kati ya mji huo na bahari kuna milima. Mwaka 1953 ilifunguliwa barabara kubwa ya kwenda pwani, kwenye bandari na uwanja wa ndege. Juu ya bonde moja lilijengwa daraja la zege lenye tao. Toka mguu mmoja wa tao hadi wa pili zilikuwa mita 152.

Tao ni nini? Chukua ufito mbichi. Shika ncha zake kwa viganja viwili, uupinde kama upinde wa mshale. Hilo ndilo tao. Viganja vyako ni kingo mbili za bonde. Viganja vikitulia, ufito nao hutulia. Ukizidi kuvikaribisha, ufito hubinuka, na mwisho hukatika.

Ndivyo ilivyokuwa huko. Udongo wa mlima wa upande mmoja uliteleza polepole, ukasukuma mguu wa tao. Wahandisi waliona dalili tangu miaka ya 1980. Walipima, wakatengeneza, wakapima tena. Lakini mlima haukutulia.

Mwezi Januari 2006 daraja lilifungwa. Halikuwa jambo jepesi. Abiria na mizigo walilazimika kupita barabara ya zamani yenye kona nyingi. Safari fupi ikawa ya saa nyingi. Kisha, tarehe 19 Machi 2006, daraja likaanguka. Hakuna aliyekufa, kwa sababu hapakuwa na gari juu yake.

Daraja jipya lilifunguliwa mwezi Juni 2007. Hilo halina tao la kubanwa na mlima. Limesimama juu ya nguzo.

Basi, ndugu msomaji, litazame daraja la kwenu. Tazama na kingo zake. Ukiona nyufa mpya, au udongo unaporomoka, toa taarifa mapema. Na daraja likifungwa, usipite. Heri kuchelewa kuliko kutofika.

Maswali
1. Ni kitu gani kilisukuma mguu wa tao?
2. Kwa nini hakuna aliyekufa daraja lilipoanguka?
3. Je, kingo za daraja la kijijini kwenu ziko imara?