UZI: "Alifungwa miaka mitatu, mbona yuko nje baada ya miwili?"

Wadau, kila msimu wa siasa hili swali lazima lirudi. Mtu ametoka jela mapema, basi upande mmoja unasema serikali imelegea, mwingine unasema kuna mtu amekula pesa. Hakuna anayefungua sheria. Wacha nieleze pole pole.

Naanzia huku kwetu Chepsaita ndio mjue kwa nini sicheki na hii stori. Kijana wa hapa alifungwa miaka mitatu kwa wizi wa ng'ombe. Baada ya miaka miwili, siku ya soko, huyo hapo amesimama karibu na stage. Mwenye ng'ombe akamwona. Kufika jioni wengine walikuwa wanasema ametoroka, wengine ati amehonga. Vijana wakaanza kujipanga, na mnajua vijana wakijipanga usiku inaishia wapi.

Hakuwa ametoroka. Siku zake zilikuwa zimeisha.

Hesabu ni hii. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, kifungu cha 46: mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa kazi na tabia njema. Miaka mitatu ni miezi 36. Toa 12, zinabaki 24. Ndio hiyo miaka miwili.

Sasa sikizeni hapa, maana wengi hukosea. Hiyo theluthi haitolewi mwishoni kama zawadi. Mfungwa anaandikiwa yote siku anapoingia. Akipigana, akipatikana na simu, akikataa kazi, anaweza kuadhibiwa kwa kukatwa siku. Kwa hivyo anayetoka baada ya theluthi mbili hajahurumiwa na mtu. Ni kwamba hakupoteza alichoandikiwa.

Si kila mtu anapata. Aliyefungwa maisha hana theluthi, maana utagawanya maisha ya nani kwa tatu? Unyang'anyi wa kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu pia hauna.

"Lakini si hiyo ndio parole?" Hapana. Hiyo ni sinema za Marekani zimetuingia. Parole ni pale bodi inakaa, inamhoji mfungwa, inaamua kama atamalizia kifungo chake nje chini ya uangalizi, na akivunja masharti anarudishwa ndani. Jirani zetu Tanzania wana sheria ya Bodi za Parole tangu 1994. Sisi Kenya hatuna bodi kama hiyo. Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia "bodi ya parole imemwachilia," jua hajasoma, au anajua wewe hujasoma.

Msamaha wa Rais nao ni mlango mwingine kabisa. Katiba, Ibara ya 133. Rais haamki asubuhi akachagua majina. Lazima kuwe na ombi, na anafuata ushauri wa kamati: Mwanasheria Mkuu, Waziri anayesimamia magereza, na watu wengine wasiopungua watano ambao si maafisa wa serikali. Anaweza kusamehe kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kufuta sehemu yake. Hivyo ndivyo wengi waliohukumiwa kunyongwa walivyobadilishiwa kuwa kifungo cha maisha, 2009 na tena 2016. (Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, ingawa adhabu bado iko kwenye vitabu.) Anayekuahidi kwa mkutano kwamba "wetu akiingia, watu wetu watatoka" anaruka hiyo kamati yote.

Kuhusu kifungo cha maisha, korti zenyewe zimevutana. 2023 Mahakama ya Rufaa ilisema kumfunga mtu bila kikomo ni kinyume cha Katiba, ikampa mfungwa mmoja miaka 40. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikatengua. Kwa sasa maisha ni maisha, mpaka Bunge liseme vingine.

Kuna pia wale hawakuingia jela kabisa. Hakimu anaweza kumweka mtu chini ya afisa wa probesheni. Au kosa likistahili kifungo kisichozidi miaka mitatu, anampa kazi ya jamii, sheria ya 1998. Ukimwona mtu anafyeka nyasi kwa chifu, usiseme "ameachiliwa." Anatumikia.

Tukibishana kuhusu wanaotoka mapema, tunasahau walioko ndani na hawajahukumiwa. Mahabusu ana haki ya dhamana kwa Katiba, lakini bondi ikiwa ni title deed na kwao hawana shamba, atakaa rimandi kesi ikiahirishwa na kuahirishwa tena. Akija kufungwa, kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka hakimu ahesabu huo muda. Akiachiliwa huru, hakuna wa kumrudishia hiyo miezi. Hii mimi naona ndio ingefaa kupigiwa kelele.

Turudi kwa kijana. Asubuhi iliyofuata tulikaa na mzee mwenye ng'ombe nyumbani kwake, nikamwandikia hiyo hesabu kwa karatasi. 36, toa 12. Akaiangalia sana. Shida yake ya kwanza haikuwa hata hesabu. "Kijana wangu," akaniambia, "mbona hakuna mtu alikuja kunieleza? Nimemwona sokoni kama mzimu." Sikuwa na jibu. Akawapigia simu wale vijana watulie.

Halafu akauliza: "Na ng'ombe wangu?"

Mambo ya fidia ni marefu. Hiyo ni uzi wa kesho.