Mafuta Yakiingia Kisimani

Leo nazungumza na wewe unayemwagilia nyanya kule Mlali, na wewe uliye kando ya Mto Ngerengere, na yeyote mwenye pampu ya dizeli karibu na kisima. Pampu ile hudondosha mafuta. Tone leo, tone kesho, nawe unaona yamekauka. Hayakukauka yote! Mengine yameshuka mchangani, na mvua za masika zikipiga huyasukuma hadi kwenye maji ya chini, yale yale mnayochota kunywa.

Bahati nzuri, udongoni vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria, na vingine hula mafuta kama mchwa anavyokula mti. Juu, penye hewa, kazi huenda vizuri. Chini kule oksijeni ni haba. Vikila kidogo tu imekwisha, na kazi inalala.

Hapo wataalamu wamepata njia. Kuna unga uitwao kalsiamu peroksidi. Ukikutana na maji hutoa oksijeni polepole, na kinachobaki ni chokaa. Siku hizi wengine wanautengeneza uwe wa chembe ndogo mno, zisizozidi nanometa 100. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanometa 80,000 hivi! Kwa nini wajisumbue? Fikiria chenga na sembe. Chenga hukwama kwenye chekeche, sembe hupita. Chembe hizo nazo hupenya kwa urahisi kati ya punje za mchanga, zikafikisha oksijeni vilipo vijidudu. Unga wa kawaida umetumika Marekani na Ulaya palipovuja matangi ya petroli. Huu wa chembe ndogo bado uko zaidi kwenye majaribio.

Usije ukasema, basi nami nitie kisimani. La! Ukizidi, ile chokaa huua hata vijidudu tunavyovitegemea. Kwenye udongo wa mfinyanzi hausambai vizuri. Tena si kila sumu huliwa. Zebaki ya wachimba dhahabu hailiwi kabisa. DDT nayo ni sugu: kule Vikuge, Kibaha, shehena ya dawa iliyoletwa mwaka 1986 iliharibu ardhi, na hata baada ya usafishaji wa miaka ya 1990 wataalamu waliikuta sumu bado imo udongoni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pampu iwekee karai chini, nalo karai usilimwage shambani wala mtaroni. Mapipa ya dizeli yakae upande wa chini wa mteremko, kisima kiwe juu. Oili chafu ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko.

Na kama maji yameanza kunuka dizeli, acha kuyanywa siku hiyo hiyo. Kuyachemsha hakusaidii, wala dawa ya klorini. Mwambie bwana shamba au ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, hapo Morogoro mjini, maji yakapimwe.