Bunduki Hairithiwi

Mzee wa Fumba akifariki, akaacha minazi, ngalawa na bunduki, warithi watagawana minazi na ngalawa, bunduki haigawanywi. Leseni ni ya mtu, nayo humalizika naye. Wengi hudhani kosa ni kufyatua risasi. La! Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, iliyotungwa na Bunge la Muungano mwaka 2015, kuwa nayo tu bila ya leseni ni kosa, hata ikiwa imeota kutu darini. Septemba na Oktoba 2022 waliosalimisha silaha kwa hiari walisamehewa. Muda ule ulipita, wajibu haukupita. Ndugu wananchi, kaiarifuni polisi kabla ya kugawana mirathi. Anayeficha kwa hofu huirithisha hofu hiyo kwa wanawe.